Asante ya Koplo Jilala

Bariadi, jioni yako ya mwisho nyumbani

Kabula wangu, ng'wana wane, mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukicheka na mume wangu. Mume wangu! Huu ni mwezi wa tatu tangu niolewe, na bado nikiliandika neno hili mkono unataka kuliandika mara mbili. Anakuonyesha namna ya kukunja blanketi kijeshi, nawe unamwambia mikunjo yake ni ya enzi za mababu. Nimejifungia humu kwa kusingizia kichwa kinauma. Hakiumi. Nataka kukujibu lile uliloniomba juzi, na nikilijibu kwa mdomo nitalia au nitatukana, na chochote kati ya hivyo kitaharibu mlo wa kukuaga.

Habari za sabuni, kufuli na soksi sitaziandika. Shangazi yako amekwisha kukuhubiria hizo tangu Jumapili.

Uliniomba niende Maswa nikamwombe Meja radhi. Ulikuwa unachambua mchele, hukuniangalia. Ulisema, "Mama, mimi ndiye ninayeingia jeshini, siyo wewe. Meja amestaafu, lakini watu wake wamo. Wakijua natoka nyumba iliyomwaibisha, deni nitalipa mimi." Nilinyamaza, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa naona umesema kweli, na ukweli wako ulinichoma.

Leo nimekwenda Maswa. Niliaga kwamba nakwenda Lamadi kufuata dagaa, kumbe nilipanda gari la upande mwingine. Yaliyotokea huko nitakueleza, ila kwanza nataka uyapate mambo haya kutoka kwangu, yakiwa mazima. Mengi yalipotokea ulikuwa shule ya bweni, ukawa unayaokota vipande vipande kwenye simu.

Unajua baba yako mzazi alifariki kabla hujajua kutembea. Niliishi miaka mingi nikiamini moyo wangu umekauka kama samaki ninaowauza. Halafu siku moja dereva wa lori la kiwanda cha kuchambulia pamba akasimama mbele ya meza yangu pale sokoni, mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, akamnyooshea kidole sato mmoja.

"Mayu, mama, huyu amefariki au amepumzika?"

"Amepumzika, ngosha. Anasubiri mtu wa kumchumbia."

"Basi mimi nimekuja na posa."

Soko zima lilicheka. Mama Shija wa nyanya akapiga vigelegele papo hapo. Mimi nilikata samaki vibaya, nikajikata na kidole. Kabula, mwanamke wa umri wangu! Alichukua leso yake akanifunga kile kidole taratibu, akaondoka, akamsahau sato mezani. Kesho yake akarudi kumfuata. Keshokutwa akarudi tena bila sababu yoyote, na mimi nikawa nimeshavaa kitenge kipya, bila sababu yoyote.

Watu walinionya. "Huyo alifukuzwa jeshini." Nilipomuuliza, Jilala hakujibu siku hiyo. Alikuja kunijibu tukiwa njiani kwenda Lagangabilili kumsalimia mama yake. Gurudumu lilipasuka, akawa amelala chini ya lori anafungua nati, na akiwa hivyo, uso wake siuoni, ndipo akaweza kusema.

Alikuwa Koplo, dereva wa kikosi. Mkubwa wake alikuwa huyu Meja, aliyekuwa anajenga nyumba Maswa. Siku moja Meja akamwamuru achukue lori la jeshi akambebee matofali ya nyumba hiyo. Jilala akasema, "Mkuu, safari hii haina kibali." Alisema hivyo tu, kwa adabu, mikono ubavuni. Meja akamjibu, "Koplo, umekataa amri." Akashtakiwa kwenye mahakama ya kijeshi kwa kutotii amri halali. Maofisa walioketi kusikiliza waliambiwa ni safari ya kikosi, na Meja mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi mkubwa. Jilala akatiwa hatiani, akavuliwa cheo, akaachishwa jeshi.

Sasa sikiliza hapa. Adhabu ilipokwisha kusomwa, mwenyekiti wa mahakama akamuuliza kama ana la kusema. Jilala akapiga saluti, akasema, "Asante, mkuu."

Asante! Nilipolisikia neno hilo nilitaka kumvuta miguu atoke chini ya lori nimtikise. Lakini wewe umelelewa hapa, unajua. Kwetu mkubwa akimaliza kusema nawe, hata kama amekugombeza mpaka masikio yakawaka, unasema wabeja, asante. Hilo halina maana kwamba umekubali. Maana yake ni kwamba umesikia na una adabu. Mtoto asiyesema wabeja baada ya kukaripiwa ndiye anayeambiwa hana wazazi. Jilala alivuliwa kila kitu siku ile, akabaki na malezi ya mama yake peke yake, akayatumia.

Nje ya chumba cha mahakama Meja akamfuata. "Umesikika ukishukuru," akamwambia. "Aliyeshukuru amekubali. Rufaa huna tena." Na Jilala, aliyezoea kwamba mkubwa akisema ndivyo ilivyo, akaamini. Muda wa kukata rufaa ukapita akiwa anaendesha pamba, mgongo umenyooka vilevile.

Nilimpenda zaidi kuanzia hapo, na papo hapo nikaanza kumchukia mtu ambaye sijawahi kumwona.

Kosa langu la kwanza, Kabula, ni kwamba nilidhani mwenye kuumiza ndiye mwenye dawa. Nilikwenda Maswa bila kumwambia Jilala. Nilimkuta Meja uani kwake, kwenye kiti cha kamba, nyuma yake ile nyumba ya matofali. Nikapiga magoti kumsalimia, kama ninavyomsalimia mkubwa yeyote. Hakuniambia niinuke. Aliendelea kuchokonoa meno na kunihoji, naye mke wake alipita na ndoo mara mbili akiangalia pembeni. Nilimwomba aseme neno kwa wakubwa wake, mchumba wangu asafishwe jina.

"Koplo mwenyewe aliridhika," akasema. "Si alisema asante? Nilimwambia palepale, aliyeshukuru amekubali, rufaa hana. Askari wa kishamba wale, ukiwaambia kitu kinawaingia." Akacheka. "Na wewe mama, nenda kauze dagaa."

Changarawe zilikuwa zimeniingia magotini. Nilipoinuka nilisema asante. Ndiyo, hata mimi! Ulimi haukuniuliza.

Kwenye gari la kurudi Bariadi sikulia. Nilihesabu matofali ya nyumba yake kichwani, moja moja, na kwa kila tofali nikamtakia jambo. Sitakuandikia nilimtakia nini. Wewe ni mtoto wangu na nataka uendelee kuniheshimu.

Lakini mungu wa wanawake wauza samaki halali. Hapa Bariadi kulikuwa na wakili kijana, binti mwembamba anayenunua kwangu furu kila Ijumaa. Nilimsimulia nikimfungia samaki kwenye gazeti. Akaacha kupokea.

"Rudia, mama. Meja amekwambia kwa mdomo wake kwamba alimwambia Koplo hana rufaa?"

"Kwa mdomo wake, na meno anachokonoa."

"Utaapa?"

"Hata kwa kaburi la mama yangu."

Akanieleza palepale, juu ya meza ya samaki. Kesi za jeshi zina mahakama yake ya rufaa, na wanaoketi huko ni majaji. Kusema asante hakumfungii mtu mlango huo. Muda ukishapita, unaomba kwanza uongezewe, na lazima uwaonyeshe majaji sababu iliyokuchelewesha. Sababu yenyewe Meja alikuwa ameniwekea mkononi mimi, kwa majivuno yake. Angeniambia niinuke na kunipa maji ya kunywa, ningerudi nyumbani mikono mitupu. Alitaka kunidhalilisha, akanipa ushahidi. Ukiona mtu anajivuna mbele yako, mwanangu, usimkatize.

Jilala hakutaka. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza, na tuligombana kwa mahaba kweli, yeye ananiita malkia na mimi namwita kichwa kigumu. Alisema yamepita. Nikamwambia, "Yamepita kwako. Magoti yangu bado yana changarawe." Nikamwambia pia sitaolewa na mtu aliyekubali kuitwa mkosaji akiwa hana kosa. Nilikuwa namdanganya. Ningeolewa naye hata kama angeitwa jambazi. Ila uongo huo ulimpeleka Mwanza.

Nilikaa kiti cha nyuma mahakamani nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Wakili wetu alisema vizuri, akasoma kiapo changu. Akasimama wakili wa upande wa pili, amevaa sare, sauti nzuri kama ya redio. Akasema, "Waheshimiwa, mtu aliyeonewa hasemi asante." Nikaona jaji mmoja anaandika, roho ikanishuka mpaka kwenye viatu.

Jaji aliyekaa katikati, mama mtu mzima, akamgeukia Jilala. "Mwombaji, hebu tueleze wewe. Kwa nini ulishukuru?"

Jilala akasimama. Ungemwona anavyosimama! Nilisahau niko mahakamani, nikamwangalia tu.

"Mheshimiwa," akasema, "kwetu baba akikuchapa, unasema wabeja. Halafu unakwenda kwa babu kumshtaki."

Halafu yule jaji akavua miwani na kucheka, wenzake wakacheka, hata yule wa sauti ya redio akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. "Na hapa ndipo kwa babu?" akauliza jaji. "Ndiyo, mheshimiwa. Nimechelewa kwa sababu baba aliniambia babu amekufa."

Kabula, nilimtaka mtu yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Walituongezea muda, rufaa ikasikilizwa, na siku ya hukumu nilikuwa kiti kilekile. Waliandika kwamba kushukuru si kukubali. Waliandika kwamba amri ya kumtaka askari abebe matofali ya nyumba ya mkubwa wake kwa gari la jeshi si amri halali, na asiyetii amri isiyo halali hana kosa. Hatia ikafutwa, adhabu ikafutwa, Jilala akarudishiwa cheo chake kwenye kumbukumbu na kuhesabiwa mstaafu mwenye heshima kama wenzake. Nje ya mahakama alilia kama mtoto, nami nilimpangusa kwa leso ileile aliyonifungia kidole.

Yeye ilimtosha. Mimi haikunitosha, na ndipo tunapofika kwenye harusi.

Hukumu inafuta hatia ya asiye na kosa, lakini haimgusi aliyesingizia. Meja alibaki Maswa akisalimiwa "shikamoo Meja" kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho, anapewa kiti cha mbele kwenye kila mkutano. Kwa hiyo nilimpelekea kadi ya harusi, ile ya maandishi ya dhahabu, jina lake na cheo chake vyote. Jilala hakujua. Na Meja akaja! Mtu wa namna ile hawezi kukosa mahali atakapopewa kiti cha mbele. Nadhani aliamini tunamwogopa.

Wewe ulikuwepo, ila ulikuwa unagawa soda na ukaona nusu. MC aliuliza, "Meja mstaafu yuko hapa? Simama mheshimiwa, watu wakuone!" Akasimama, akafunga kifungo cha koti, watu wakapiga makofi. Kisha MC akasema bibi harusi ameleta zawadi isiyoshikika, ya kusikilizwa tu. Akasoma maneno ya majaji, yale ya amri na matofali. Akayasoma mara mbili, maana nilimwagiza asome mara mbili. Binamu wa Jilala kutoka Mwamanyili akapaza sauti kutoka nyuma, "Matofali oyee!" na ukumbi mzima ukajibu, "Oyee!"

Meja alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemwambia akae. Jilala alinibana mkono chini ya meza, akaninong'oneza, "Malkia, umefanya nini?" Mimi nilikuwa namwangalia Meja usoni, nikatabasamu kwa meno yote, na nikamwacha asimame. Alitoka mwenyewe kwa mlango wa jikoni. Mke wake hakutoka. Alimaliza pilau, akaomba na soda.

Wanasema ukilipiza kisasi moyo unabaki mtupu. Mimi nilikula keki nikaongeza. Nililala kifuani kwa mume wangu usiku ule nikiwa mwepesi kama pamba. Sasa Maswa wanamwita Meja Matofali, hata watoto. Nakuandikia haya kwa sababu hutanijua vizuri ukidhani mama yako alikuwa na uchungu tu. Nilikuwa na uchungu, na nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe sehemu yake ilikuwa uso wake ulivyobadilika rangi.

Ila kosa la pili ni hili, nalo ni lako kunidai. Wakati ule tayari ulikuwa umeomba kujiunga na jeshi. Fomu zako zilikuwa juu ya kabati langu. Sikuzifikiria hata kidogo. Nilichagua utamu wangu bila kukuuliza bei yake utalipa nani. Ulipokuwa unachambua mchele juzi, ndipo bei ikanifikia.

Basi leo nikaenda kulipa. Njia nzima nilijifunza maneno. "Meja, nilikosea, nisamehe." Niliyasema mpaka yakawa mepesi mdomoni. Kwa ajili yako ningepiga magoti kwenye changarawe zilezile, naapa.

Safari hii alinipa kiti. Alikuwa amepungua, shingo inacheza ndani ya ukosi wa shati. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimesikia binti yako amechaguliwa kwenda kuwa ofisa. Nina kijana wangu pale. Simu moja tu, binti atakaa vizuri, hatasumbuliwa na mtu." Akangoja nimshukuru. Nilikuwa nimeubana ulimi kwa meno. Akaendelea, "Na wewe utafanya jambo dogo. Utasema kwenye mkutano wa wakulima hapa kwamba yale ya harusini yalikuwa utani. Utani wa harusi tu. Na Koplo naye awepo, aitikie."

Koplo naye awepo, aitikie. Nilipoliona hilo mbele ya macho yangu, mume wangu akisimama mbele za watu na mgongo wake ule, akitikisa kichwa kukubali kwamba maneno ya majaji yalikuwa mzaha, yale niliyojifunza njiani yote yakayeyuka. Radhi yangu ningempa. Jina la Jilala silo langu la kutoa, na hata lingekuwa langu, Kabula, nisingempa.

"Mwanangu hahitaji simu yako," nikamwambia. "Na yale hayakuwa utani."

"Basi usije ukalia, mama."

"Nikilia nitalilia Mwanza, mbele ya majaji. Njia naijua, na nauli ninayo."

Nikaondoka. Mke wake alinisindikiza mpaka getini, akanipa papai. Alinibana mkono.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo. Radhi sikuomba, na simu ambayo ingekulainishia njia nimeikataa kwa niaba yako bila kukuuliza, mara ya pili. Una haki ya kunikasirikia. Nikasirikie ukiwa kwenye basi, ukifika uache, utakuwa na kazi nyingine.

Sijui kama huyo kijana wake yupo kweli au ni majivuno. Akiwepo na akakuonea, usinyamaze kama Jilala wala usipige magoti kama mimi. Lalamika kwa mkubwa wako, kwa maandishi. Akikalia lalamiko lako, panda kwa mkubwa wake, na ukifika kwa huyo bado kuna aliye juu. Wakikushtaki, dai kila kisemwacho kiandikwe, na kabla muda haujaenda uliza rufaa inakatwa wapi. Usimuulize aliyekushtaki. Jilala atakuambia haya vizuri zaidi njiani, maana anakusindikiza mpaka stendi ya Mwanza na amepiga pasi shati lake tangu mchana. Anajivunia wewe mpaka inachekesha. Sokoni anawaambia watu, "Binti yangu," halafu ananiangalia kama ameiba.

Kitu kimoja nakificha hata kwake. Tukisali asubuhi, namtaja Meja. Namwombea afya, macho yasififie, miguu iendelee kumbeba. Jilala ananishika mkono kwa nguvu akisikia, machozi yanamlenga, anadhani nimesamehe. Mume wangu mtamu! Mimi nahesabu vyeo vyako, Kabula. Luteni, Kapteni, Meja, halafu kile kinachofuata. Namwombea mzee yule aishi mpaka siku utakapopita Maswa na nyota zako mabegani zikiwa juu ya alizokuwa nazo yeye. Mstaafu halazimiki kupiga saluti, najua. Lakini mwili wa askari hausahau. Mkono utapanda wenyewe kabla hajajua unampigia nani.

Mwombee nawe. Na usimwambie Jilala.

Mama yako,
mke wa Koplo